Namna ya Kuuchunguza Mji wa Kale wa Mombasa: Mwongozo kwa Mpenda Historia

Wageni wengi wanaofika Mombasa kwa ajili ya historia huenda moja kwa moja Fort Jesus, wakazunguka saa moja, wakapiga picha mbele ya kuta, kisha wakaondoka wakiamini kwamba wameuona mji. Ngome hiyo inastahili kutembelewa, na nitaieleza kwa kirefu mahali pake, lakini ilianza kujengwa mwaka 1593, wakati kisiwa cha Mvita, yaani Mombasa, kilikuwa kimekwisha kuwa na misikiti, visima, watawala na wafanyabiashara kwa karne kadhaa. Mwanajiografia al-Idrisi aliitaja Mombasa katika kitabu alichokikamilisha mwaka 1154. Msafiri Ibn Battuta alilala kisiwani mwaka 1331 akiwa njiani kwenda Kilwa, akaandika kwamba wenyeji walikula ndizi na samaki, kwamba misikiti yao ilijengwa kwa mbao kwa ustadi mkubwa, na kwamba mlangoni mwa kila msikiti palikuwa na kisima kimoja au viwili vya kutawadhia. Kwa sababu hiyo mwongozo huu umepangwa makusudi ili ngome isiwe mwanzo wa safari. Utaanzia majini, utapita vichochoroni, utafika misikitini, na ndipo uingie ngomeni ukiwa umekwisha kujua ni mji gani uliokuwa ukigombewa. Tenga siku mbili kamili kwa mji wenyewe, na siku ya tatu kwa maeneo ya nje ya kisiwa.

Hatua ya kwanza: Chagua majira na saa

Miezi ya Juni hadi Septemba, wakati wa Kusi, ndiyo inayofaa zaidi kwa kutembea, kwa kuwa joto hupungua na upepo huingia hadi vichochoroni. Februari na Machi jua ni kali sana, na Aprili na Mei masika huweza kukufungia ndani nusu ya siku. Anza matembezi saa moja ya asubuhi, pumzika kuanzia saa sita hadi saa tisa, kisha endelea hadi magharibi. Siku ya Ijumaa adhuhuri usipange kuona misikiti wala kuzungumza na wenye maduka, kwa maana kila mtu yumo katika ibada. Mwezi wa Ramadhani migahawa ya Mji wa Kale hufungwa mchana, lakini baada ya futari mitaa huchangamka kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, na anayetaka kuujua mji kupitia watu wake atapata mengi usiku huo.

Vaa nguo zinazofunika mabega na magoti. Mwanamke achukue mtandio au leso hata kama hakukusudia kuingia msikitini. Viatu viwe vya kuvuliwa kwa urahisi, kwa kuwa utavivua mara nyingi. Ukitaka mtu wa kukutembeza, chagua mwenye kibali cha kazi hiyo, na mkubaliane bei kabla hamjapiga hatua ya kwanza. Afadhali zaidi ni mzaliwa wa Kibokoni au Kuze, mitaa ya humo humo, kwa sababu atakufungulia mazungumzo ambayo mtembezaji wa kutoka mbali hawezi kuyafungua.

Hatua ya pili: Hifadhi nyakati chache kichwani

Huhitaji kukariri kitabu kizima, lakini pasipo tarehe chache kila jengo litakuwa jiwe tu machoni mwako. Vasco da Gama, baharia Mreno, alifika Aprili 1498, hakupokewa vyema, akaendelea hadi Malindi ambako alipata rafiki. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliushambulia mji, akaupora na kuuchoma moto, na mwaka 1528 Nuno da Cunha akaja akafanya vivyo hivyo. Miaka ya 1580 Amir Ali Bey, nahodha wa Kituruki, alifika pwani mara mbili, na wenyeji wa Mombasa wakamuunga mkono. Mwaka 1589 Wareno walituma jeshi la majini kutoka Goa, makao yao Bara Hindi, na katika vurugu hizo hizo Wazimba waliokuwa wakitokea bara wakaingia kisiwani na kuua watu wengi. Ni baada ya msiba huo Wareno walipomhamisha mtawala wa Malindi, aliyekuwa mshirika wao, wakamweka Mombasa, na wakaanza kujenga ngome ili wasitolewe tena kwa urahisi.

Waomani waliiteka ngome Desemba 1698. Wareno waliirudia kwa muda mfupi mwaka 1728, wakafukuzwa mwaka uliofuata. Wamazrui, walioletwa kama maliwali wa Oman, waliitawala Mombasa kwa takriban miaka 100, wakakataa utii kwa ukoo wa Busaidi uliotawala Oman, hadi mtawala wa ukoo huo, Seyyid Said, alipowaondoa mwaka 1837. Waingereza walitangaza himaya yao mwaka 1895, reli ikaanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, lakini ukanda wa pwani wa maili 10 uliendelea kuhesabiwa kuwa mali ya Sultani wa Zanzibar hadi mwaka 1963.

Tanguliza jambo moja zaidi katika fikra zako. Sehemu kubwa ya nyumba utakazoziona zilijengwa katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, juu ya mitaa iliyo mikongwe zaidi yake. Makazi ya kwanza kabisa ya Mombasa yalikuwa kaskazini ya Mji wa Kale wa leo, kuelekea ilipo Hospitali Kuu ya Pwani, ambako uchimbaji wa kiakiolojia wa mwaka 1976 ulifichua mabaki ya makazi ya takriban miaka 1000 iliyopita. Anayeambiwa kwamba nyumba fulani ya ghorofa yenye roshani ni ya zama za Wareno ana haki ya kuuliza ushahidi.

Hatua ya tatu: Anzia majini

Nenda Bandari ya Kale asubuhi mapema, ukasimame mahali unapoweza kuuona mlango wa bahari. Kisiwa kina mikono miwili ya maji. Mkono wa mashariki, unaopita mbele ya ngome na kuingia ghuba ya Tudor, ndiyo bandari ya kale, na mkono wa magharibi ni Kilindini. Majahazi hayahitaji kina kikubwa, na mkono wa mashariki uliyapa kinga dhidi ya mawimbi pamoja na ufuo wa kuvutia chombo. Meli za moshi na reli zilipokuja, zilihitaji kina na nafasi, na biashara kubwa ikahamia Kilindini. Hamahama hiyo ndiyo iliyouokoa Mji wa Kale, kwa sababu hapakuwa tena na haja ya kubomoa nyumba zake ili kujenga maghala na magati.

Kabla ya injini, safari zote zilitegemea pepo mbili. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ilileta vyombo kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi, vikiwa na tende, nguo, shanga na vyombo vya kauri, vingine vya kutoka Uchina. Kusi, kuanzia Aprili, iliwarudisha wakiwa wamepakia pembe za ndovu, boriti za mikoko, nta na nafaka, na pia watu waliotekwa utumwani, jambo ambalo hakuna historia ya bandari hii inayoweza kulipita kimya. Nahodha aliyechelewa kupakia alilazimika kungoja mwaka mzima upepo wake. Miezi hiyo ya kungoja ndiyo iliyozaa ndoa, koo, madeni na urafiki baina ya Mvita na Hadhramaut, Maskati, Kutch na Surat. Hata leo majina mengi ya ukoo utakayoyasikia hapa yana asili yake katika ngojangoja hiyo.

Fahamu kwamba eneo la bandari lenyewe liko chini ya ulinzi na forodha. Usiingie bila ruhusa, na usipige picha za maofisa wala za shughuli zao. Unaweza kuona vya kutosha kutoka uwanja wa serikali ya zamani ulio mbele ya bandari na kutoka penyo za vichochoro vinavyoteremka pwani. Ulizia jedwali la maji siku moja kabla, maana wakati wa bamvua maji hukupwa mbali, na hapo ndipo unapoweza kuona miamba ya matumbawe ambayo mji umekaa juu yake.

Kutoka hapo tafuta Leven House na ngazi zake zinazoteremka baharini. Jina hilo limetokana na meli ya kivita ya Kapteni William Owen wa Uingereza, ambaye mwaka 1824 alikubali ombi la Wamazrui la kuwekwa chini ya ulinzi wa Waingereza dhidi ya Seyyid Said. Ulinzi huo haukuidhinishwa na serikali yake, ukaondolewa mwaka 1826, lakini ni katika muda huo Luteni Reitz alipofariki na jina lake likabaki katika ghuba ya Port Reitz. Ngazi hizo zinapita ndani ya mwamba uliotobolewa na kufikia kisima cha maji matamu karibu kabisa na bahari. Tazama jinsi mahali hapo palivyo. Chombo kilichotoka safari ya majuma mengi kilihitaji maji kabla ya kitu kingine chochote, na mji uliokuwa na maji matamu hatua chache tu kutoka gatini ulikuwa na mtaji mkubwa.

Hatua ya nne: Soma nyumba moja kwa makini

Wengi hutembea Ndia Kuu, njia kuu ya Mji wa Kale, kutoka mwanzo hadi mwisho wakitazama kila kitu, wakarudi bila kukumbuka chochote. Ushauri wangu ni kuchagua nyumba moja yenye ukuta uliobanduka lipu, na kusimama mbele yake kwa robo saa.

Utaona kwanza mawe ya matumbawe, mepesi, yenye vitundu vidogo, mengine yakiwa bado na alama za mnyama wa baharini aliyeyatengeneza. Kati yake mna chokaa, iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo juu ya tanuri la kuni, kisha unga wake ukaachwa ukanyeshewa na kukomaa kabla ya kutumika. Inua macho kwenye dari. Boriti za mikoko zimelazwa karibu karibu, na kwa kuwa mti wa mkoko uliofaa kubeba dari hutoa kipande cha mita 2.5 hadi 3 hivi, chumba hakikuweza kupanuka zaidi ya hapo. Ndiyo maana nyumba za kale za pwani yote, kutoka Lamu hadi Kilwa, zina vyumba virefu vyembamba vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine. Mahali penye saruji mpya iliyopakwa juu ya chokaa, angalia kama ukuta unatoa unyevu au unameguka. Saruji hufungia maji ndani ya jiwe, na hiyo ni miongoni mwa sababu kuu za nyumba hizi kuharibika baada ya kukarabatiwa kwa nia njema.

Shuka sasa mlangoni. Mlango wa nakshi una mbao mbili zinazofunguka kwa ndani na, katikati, mfaa, yaani ubao wa wima, uliochongwa kwa uangalifu kuliko sehemu nyingine zote, kwa sababu ndio unaoonekana mlango ukiwa umefungwa. Tazama kizingiti cha juu. Kama kimenyooka na kina maandishi ya Kiarabu, soma au umwombe anayejua akusomee, kwa kuwa mara nyingine huwa na aya ya Kurani au mwaka wa Hijria, na mwaka huo ni ushahidi wa thamani kuliko maelezo ya mdomo. Kama mlango umegawanywa katika viraba vidogo vya mraba, unatazama kazi ya mkono wa Kigujarati. Misumari mikubwa ya shaba ni pambo lililoazimwa kutoka Bara Hindi, ambako ilikuwa na kazi ya kulinda malango. Mlango ulitengenezwa kutangaza hadhi ya mwenye nyumba, na ndiyo sababu walanguzi wanaufuata hadi leo.

Roshani za mbao zinazoning'inia juu ya njia zilienea zaidi katika nusu ya pili ya karne ya 19, wafanyabiashara kutoka Bara Hindi walipojenga nyumba za ghorofa zenye duka chini na makazi juu. Angalia vishikio vyake vilivyochongwa, na jinsi vioo vya rangi au mbao za kimia vilivyowawezesha wanawake kuona njia bila kuonwa. Kwenye Ndia Kuu hiyo hiyo limo jengo la posta ya zamani, lililofunguliwa mwaka 1899 wakati reli ikijengwa, na lililotumiwa na vibarua wa Kihindi waliokuwa wakituma barua makwao.

Hatua ya tano: Fika misikitini kwa adabu

Msikiti wa Mandhry husemwa kuwa wa mwaka 1570, na kama ni hivyo umetangulia ngome kwa zaidi ya miaka 20. Mnara wake mweupe mnene, uliochongoka kuelekea juu, haufanani na minara ya Uarabuni wala ya Uturuki, na ukiutazama utaelewa kwamba waashi wa Mvita walikuwa na mtindo wao. Ng'ambo ya njia kuna kisima. Ibn Battuta hakuuona msikiti huu, lakini alieleza vizuri uhusiano wa msikiti na kisima chake. Msikiti wa Basheikh nao ni wa kale na una mnara wa namna hiyo hiyo. Yote miwili bado ni nyumba za ibada za kila siku. Mtu asiye Mwislamu atosheke na kutazama kutoka nje mpaka akaribishwe. Anayetaka kuingia amtafute imamu au mtunza msikiti baada ya sala, amsalimu, aeleze nia yake, na akiambiwa hapana apokee jibu hilo bila kubishana.

Katika mitaa hiyo hiyo utaona msikiti wa Mabohora, Waislamu wa asili ya Bara Hindi, karibu na bandari na hekalu la Wajaini lenye marumaru nyeupe. Ukivuka Barabara ya Nkrumah utakuta Kanisa Kuu la Kianglikana la mwanzoni mwa karne ya 20, ambalo lilijengewa kuba ili lifanane na mji uliolizunguka. Haya unaweza kuyapitia kwa haraka kama muda ni mdogo.

Hatua ya sita: Sasa ingia ngomeni

Fort Jesus hufunguliwa kila siku kuanzia asubuhi hadi jioni. Viingilio hutofautiana kwa raia, wakazi na wageni, na malipo hufanywa kwa njia ya kielektroniki, kwa hiyo hakikisha simu yako ina chaji na salio. Tenga saa 3.

Usiingie mara moja. Nje ya lango kuna mizinga miwili ya Vita Vikuu vya Kwanza ambayo watoto huipanda bila kujua ilivyofika hapo. Mmoja ni wa manowari ya Wajerumani Königsberg, na mwingine ni wa Pegasus ya Waingereza, ambayo Königsberg hiyo hiyo iliizamisha bandarini Zanzibar Septemba 1914. Mwaka uliofuata Königsberg nayo ikaangamizwa katika delta ya Rufiji. Mahasimu hao wawili sasa wamewekwa karibu karibu kwenye lango la Mombasa.

Kisha tembea kandokando ya handaki kavu lililochimbwa kwenye mwamba upande wa nchi kavu, ukatazame kuta zilivyoinama na kujikunja. Msanifu wake, Giovanni Battista Cairati, alikuwa Mtaliano aliyemtumikia mfalme wa Uhispania na Ureno, na alichora ngome ya zama za mizinga: kila ngao ya pembeni, yaani sehemu ya ukuta iliyotokeza nje, inaweza kuupigia risasi ukuta wa jirani yake, ili adui asipate pa kujificha chini ya ukuta. Hii ni miongoni mwa sababu zilizotajwa ilipoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011.

Juu ya lango kuna maandishi ya mwaka 1635 ya nahodha Francisco de Seixas de Cabreira, yanayojisifia jinsi alivyoirudisha pwani chini ya utii. Ili uyaelewe ni lazima umjue Yusuf bin Hasan. Baba yake, Sultani Hasan wa Mombasa, aliuawa mwaka 1614 kwa hila ya Wareno. Mtoto akapelekwa Goa, akabatizwa kwa jina la Jerónimo, akalelewa na watawa wa Kiagustino, akarejeshwa Mombasa kuwa mfalme. Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake siku ya sikukuu, akamuua nahodha, akarudi katika Uislamu, na Wareno waliokuwemo mjini pamoja na Waafrika wengi waliobatizwa wakauawa. Mwaka 1632 aliuacha mji na kuendeleza vita vyake baharini. Soma yale maandishi ya lango ukijua kwamba yanajibu kisa hicho, na ukumbuke kwamba Yusuf hakuachiwa jiwe la kujibu.

Ndani, usikose mambo manne. La kwanza ni michoro ya ukutani iliyochorwa na askari au mabaharia Wareno, ambao walijaza lipu kwa meli, watu na majengo. Wageni huipita kwa haraka, nami naiona kuwa kitu cha kibinadamu kuliko vyote vilivyomo, kwa sababu haikuagizwa na mfalme wala gavana. La pili ni njia ya matao iliyokatwa kwenye mwamba kushukia baharini, ambako vyakula na askari viliingizwa wakati wa kuzingirwa. La tatu ni chumba cha Wamazrui chenye maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa, pamoja na Nyumba ya Waomani iliyo juu ya moja ya ngao za kona. La nne ni jumba la makumbusho lenye vyombo vya kauri vilivyochimbwa katika miji ya kale ya pwani ya Gede, Manda na Ungwana, na mabaki ya meli ya Wareno Santo António de Taná.

Meli hiyo ndiyo ufunguo wa kisa cha kuzingirwa. Waomani waliizingira ngome kuanzia Machi 1696, na haikuanguka hadi Desemba 1698, miezi 33 baadaye. Vitabu vingi hueleza habari hiyo kama vita vya Wareno na Waarabu. Hali halisi ilikuwa kwamba tauni na njaa viliwamaliza Wareno mapema, na kwa majuma kadhaa mwaka 1697 aliyeshika ngome alikuwa Bwana Daud wa Faza, mji wa kisiwa cha Pate, pamoja na wanaume wachache wa Kiafrika na wanawake wa Kiafrika ambao walipanda kutani kuzuia mashambulizi. Santo António de Taná, iliyokuja kuwaokoa Septemba mwaka huo, ilizama mbele ya ngome, ikalala chini ya tope kwa miaka 280, mpaka wapiga mbizi walipoichimba kati ya mwaka 1977 na 1980. Ukiwa mbele ya vitu vilivyotolewa humo, tafuta dirisha linaloelekea baharini, kwa kuwa ilizama karibu kiasi cha kuweza kuonwa na waliokuwa wakiingoja.

Waingereza waliigeuza ngome kuwa gereza mwaka 1895, nalo likaendelea hadi 1958. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1960. Uliza sehemu zilizokuwa za wafungwa, maana vibao husema machache juu yao.

Hatua ya saba: Keti na wenyeji

Jioni ya siku ya pili usipange jambo jingine. Nje ya nyumba nyingi kuna baraza za mawe, na baada ya alasiri wazee huketi hapo na vikombe vidogo vya kahawa tungu inayomiminwa kutoka kwenye buli la shaba, pamoja na kashata au haluwa. Toa salamu ya "Assalaam alaykum" kama wewe ni Mwislamu, au "Masalkheri" kama wewe si Mwislamu, ungoje kuitikiwa, na ukikaribishwa keti kabla ya kuuliza chochote. Mwite mzee "mzee" au "bwana", msomi wa dini "maalim" au "shehe", na mama mtu mzima "bi". Usitoe simu wala daftari mpaka umeomba. Picha za wanawake usipige kabisa bila idhini ya wazi.

Maswali yanayofungua mdomo ni yale yanayomhusu anayeulizwa. Uliza nyumba hii ilijengwa na nani na ikarithiwa vipi, jahazi gani lilikuwa la ukoo, nani alimfundisha kusoma. Utasikia juu ya Mwana Mkisi na Shehe Mvita, watawala wa simulizi za asili ya mji, na juu ya Thenashara Taifa. Hizo ni taifa 12 za Waswahili wa Mombasa zilizogawanyika katika Thelatha Taifa, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, na Tisa Taifa, ambazo ndani yake wamo Wamvita, Wajomvu, Wakilifi na Wamtwapa. Simulizi za pande hizo mbili hazilingani kila mahali. Ziandike zote, na kando ya kila moja uandike aliyekusimulia na aliyemsimulia yeye. Kama mzee atakusomea tungo za Muyaka bin Haji, mshairi wa zama za Wamazrui, mwombe akueleze zilisemwa kwa ajili ya tukio gani, kwa sababu mashairi yake mengi yalitungwa kujibu siasa za siku ile baina ya Mombasa, Lamu na Zanzibar.

Hatua ya nane: Toka nje ya Mji wa Kale

Siku ya tatu anza na nguzo ya Mbaraki, kusini-magharibi mwa kisiwa, karibu na mabaki ya msikiti wa kale, ambako bado watu huenda kuweka ubani na nadhiri. Uikaribie kama unavyokaribia msikiti.

Vuka kwenda Nyali, ufike Kengeleni. Kengele iliyopo hapo ni kumbukumbu ya Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Wazao wao wamo Mombasa, na majina yao ya ukoo bado yanaonyesha njia waliyopita. Magari yanapita hapo kwa wingi na hakuna kitu kingi cha kuona, lakini anayeruka kituo hiki atakuwa ameisoma biashara ya Bahari ya Hindi kwa upande wa mwenye chombo peke yake.

Ukiwa na gari, endelea hadi Rabai, ambako mmisionari Johann Ludwig Krapf alihamia mwaka 1846 baada ya kumzika mkewe na mtoto upande wa bara wa Mombasa mwaka 1844. Au elekea kaskazini hadi Jumba la Mtwana, karibu na Mtwapa, mji wa mawe uliohamwa ambao kuta zake zimesimama chini ya mibuyu ufuoni. Nikilazimishwa kuchagua moja, ningechagua Jumba la Mtwana, kwa kuwa hapo utayaona matumbawe na chokaa ya karne ya 14 na 15 bila kitu cha baadaye kilichojengwa juu yake, na kila ulichojifunza mbele ya ule ukuta wa Ndia Kuu kitakusaidia kuisoma.

Hatua ya tisa: Hifadhi ulichokipata

Kila jioni andika upya maelezo yako ukiwa bado unakumbuka sauti na mahali. Kwa kila picha weka jina la njia, upande unaotazamwa na tarehe, maana nyumba uliyoipiga leo huenda mwakani ikawa na ghorofa mpya ya saruji, na picha yako ikawa kumbukumbu pekee ya ilivyokuwa. Usiokote vigae wala shanga ufuoni au kwenye magofu, na usinunue mlango, kizingiti au kipande cha nakshi cha kale, hata kama muuzaji atakuambia kwamba nyumba imekwisha bomolewa. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inakataza kuhamisha na kusafirisha vitu vya kale bila kibali. Ukikuta kazi ya ubomoaji inaendelea katika nyumba ya zamani, toa taarifa kwa ofisi ya uhifadhi wa Mji wa Kale kupitia wasimamizi wa Fort Jesus, ukiwapa mahali, saa na picha.

Waliokuruhusu kupiga picha nyumba zao au kurekodi sauti za wazee wao, wapelekee nakala iliyochapishwa au iliyo katika kifaa cha kuhifadhia ambacho wanaweza kukitumia, iwe na jina la msimulizi na tarehe. Ukiwa unarudi mbali, iache kwa mtembezaji wako na umwombe aifikishe mkononi, kisha upige simu kuhakikisha imefika.